Hadithi ya uchungu humfanya nini anayeisikiliza

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zinapofungwa Desemba, wasichana wa Kikurya na Kingoreme mkoani Mara huanza kutoroka makwao. Wapo wanaotembea usiku kucha, wapo wanaobebwa kwa bodaboda na mwalimu au jirani mwenye huruma, wapo wanaoletwa na gari la polisi. Wanakimbilia nyumba salama: kituo cha Masanga wilayani Tarime, kinachosimamiwa na shirika la ATFGM Masanga, au nyumba ya Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, jirani na Morotonga, iliyo chini ya Hope for Girls and Women, shirika la Rhobi Samwelly. Binti akishaoga na kula, anaombwa aeleze. Nani kasema utakeketwa? Siku gani? Baba anajua? Ng'ombe wa mahari wameshaingia zizini?

Maelezo hayo hayaishii kwa matroni. Atayarudia kwa askari wa dawati la jinsia na watoto, atayarudia kwa afisa ustawi wa jamii, na kesi ikifunguliwa atayarudia mbele ya hakimu. Baadhi yao huyatoa hata mbele ya kamera. Mwaka 2018 mtengenezaji filamu wa Kanada, Giselle Portenier, alitoa In the Name of Your Daughter, na watazamaji wa nchi za mbali wakawasikia wasichana wa Mugumu kwa sauti zao wenyewe. Samwelly naye huanza na lake. Amesimulia hadharani mara nyingi kwamba alikeketwa akiwa na miaka 13, baada ya kumsihi mama yake asifanyiwe, akavuja damu hadi karibu kufa.

Kazi yote hii, kuanzia nyumba salama hadi mikutano ya kijiji na michango ya wafadhili, imesimama juu ya tegemeo moja: kwamba mtu akiusikia uchungu wa mwenzake kwa kinywa cha mwenyewe, kitu ndani yake kitageuka. Kwa miaka zaidi ya 20 sasa wanasayansi wa ubongo wamekuwa wakikichungulia kitu hicho. Waliyoyaona yanatosha kusema kwamba ndiyo, msikilizaji hageuki kwa maneno tu, hugeuka mwilini, tena haraka. Lakini anakogeukia hakuamuliwi na hadithi. Kunaamuliwa na alikokuwa amesimama kabla msimuliaji hajafungua kinywa, na nani ameketi pembeni yake wakati inasimuliwa. Wanaharakati wengi, na waandishi wenzangu pia, tunalisahau hilo kila tunapomwona msikilizaji akifuta machozi.

Tuanze na mwili.

Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake huko London walichukua jozi 16 za wapenzi. Mwanamke alilazwa ndani ya mashine ya MRI, mwanamume wake akakaa kando, na kila mmoja akafungiwa mkononi kifaa cha kutoa mshtuko mdogo wa umeme. Mwanamke aliposhtuliwa yeye, sehemu mbalimbali za ubongo wake ziliamka: zile zinazotambua maumivu yako wapi na ni makali kiasi gani, na zile zinazoyafanya maumivu yawe mabaya, yaani insula na singuleti ya mbele. Alipoonyeshwa ishara kwamba sasa anayeshtuliwa ni mwenzake, za kwanza zilinyamaza, za pili zikaamka tena. Kwa hiyo anayesikia habari ya wembe haumii pale ulipopita wembe. Anapata ule ubaya wa maumivu bila maumivu yenyewe, na ndiyo maana mtu hukunja uso, hujikunyata, tumbo likamsokota.

Uchunguzi uliofuata miaka mitano baadaye una uzito zaidi kwa jambo letu. Mary Helen Immordino-Yang na akina Damasio, huko California ya Kusini, waliwasimulia watu 13 habari za kweli za watu wa kweli, kisha wakawapima. Walitofautisha habari za mwili kuumizwa na habari za moyo kuumizwa: kufiwa, kuachwa, kudhalilishwa. Huruma kwa jeraha la mwili ilipanda ubongoni upesi ikashuka upesi. Huruma kwa jeraha la moyo ilichelewa kufika kileleni, lakini ikifika hukaa. Sasa fikiria jinsi ukeketaji unavyoelezwa kwenye semina nyingi: michoro ya viungo, damu, maambukizi, uzazi mgumu. Hadhira hushtuka, halafu huenda kunywa chai. Msichana anaposimulia kwamba aliyemshika mikono ni shangazi yake aliyempenda kuliko wote, hakuna tone la damu katika sentensi hiyo, na ukumbi huchukua muda kabla ya kunyamaza. Ukimya huo ukishaingia hautoki haraka.

Kinachoshtua pia hukumbukwa. Larry Cahill na James McGaugh, wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, walionyesha hilo mwaka 1994 kwa njia rahisi ya kupendeza. Waliwasimulia watu hadithi ya mtoto anayekwenda na mama yake kumwona baba kazini. Katika toleo moja hakuna kinachotokea, katika toleo la pili mtoto anagongwa na gari njiani. Nusu ya wasikilizaji walipewa propranolol, dawa ya presha inayozuia kazi ya adrenalini, nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Wiki moja baadaye, waliopewa kidonge kitupu waliikumbuka sehemu ya ajali vizuri kuliko sehemu nyingine. Waliokunywa propranolol waliikumbuka hadithi sawasawa, lakini ile ajali haikuwa na nafasi yoyote ya pekee. Homoni za mfadhaiko ndizo zinazoiambia amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hisia, kwamba jambo hili litunzwe, na msikilizaji huzimwaga homoni hizo hata kama jambo halikumpata yeye. Kwa maneno mengine, msikilizaji huondoka na kumbukumbu iliyopigwa mhuri kwa namna ileile inayotumika kwa mikasa yake mwenyewe.

Halafu kuna suala la kufuatana. Mwaka 2010 Greg Stephens, Lauren Silbert na Uri Hasson wa Chuo Kikuu cha Princeton walimrekodi mwanamke akisimulia kisa cha ujana wake kwa dakika 15, bila kukiandaa, akiwa ndani ya mashine. Kisha watu 11 wakasikilizishwa kisa hicho. Ubongo wao uliufuata ubongo wa msimuliaji, kwa kawaida ukichelewa sekunde chache, lakini katika baadhi ya sehemu ukamtangulia: walikuwa wanakisia anakokwenda. Aliyetangulia zaidi ndiye aliyeelewa zaidi. Waliposikilizishwa kisa cha Kirusi wasichokielewa, ufuasi huo ulikatika. Maabara ya Hasson ilirudi mwaka 2012 na swali jingine: msemaji wa Kirusi akisikia kisa kwa Kirusi na msemaji wa Kiingereza akakisikia kilekile kwa Kiingereza, je? Sehemu zinazoshughulikia sauti ziliachana, lakini sehemu za juu, zile zinazounganisha matukio na nia za watu, zilikwenda pamoja. Hili ni jepesi kuliona Serengeti, ambako kisa huanza kwa Kikurya au Kingoreme nyumbani, hugeuka Kiswahili kituo cha polisi, na huishia Kiingereza katika ripoti ya mfadhili. Kiini huvuka. Kinachopotea njiani ni kule kutangulia, maana anayesikia kwa lugha yake na mila zake hujua kinachofuata kabla hakijasemwa. Mzee wa kijiji cha Machochwe akisikia tu kwamba inchama, baraza la wazee wa mila, wameshatangaza mwaka wa tohara, tayari anajua siku ngapi zimebaki. Mtazamaji wa Toronto anahitaji kuelezwa.

Wasomaji watakuwa wanasubiri oksitosini, kwa sababu ndiyo homoni iliyopata umaarufu kuliko zote katika mazungumzo haya. Paul Zak, mchumi wa Marekani, aliwaonyesha watu video ya baba anayezungumzia mtoto wake mdogo anayekufa kwa uvimbe wa ubongo. Damu yao ilipopimwa kabla na baada, kotisoli, homoni ya mfadhaiko, na oksitosini vilikuwa vimepanda, na waliopandisha vyote viwili walitoa pesa zaidi kwa hisani. Video nyingine ya baba huyohuyo na mwanawe wakitembea bustani ya wanyama, isiyo na habari ya kifo, haikufanya hivyo. Kutokana na hapo vimeandikwa vitabu vya biashara visivyohesabika kuhusu nguvu ya hadithi. Mimi naichukua habari hiyo kwa tahadhari. Mwaka 2015 Gideon Nave, Colin Camerer na Michael McCullough walizipitia upya tafiti za oksitosini na uaminifu wakakuta ushahidi wake ni dhaifu kuliko ulivyotangazwa. Na Carsten De Dreu wa Amsterdam alikwishaonyesha mwaka 2010 kwamba homoni hiyo humfanya mtu awapendelee walio wake, haimfungulii dunia nzima mlango. Hapo ndipo tunapofika kwenye mgogoro wenyewe.

Upande gani wa uzio

Watu wawili wakikaa benchi moja wakasikiliza maneno yaleyale, je, wamesikia hadithi moja? Yaara Yeshurun, akiwa katika maabara ya Hasson, alilijibu swali hilo mwaka 2017 kwa kutumia hadithi fupi ya J. D. Salinger kuhusu mume anayempigia simu rafiki yake usiku akilalamika kwamba mkewe hajarudi. Kundi moja liliambiwa kabla ya kusikiliza kwamba mke yuko na huyo rafiki. Kundi la pili liliambiwa mume ana wivu usio na msingi. Sauti ilikuwa moja. Lakini katika mtandao wa sehemu za ubongo zinazojenga maana ya kisa kizima, makundi hayo yaliachana kiasi kwamba watafiti waliweza kutazama ubongo wa mtu wakajua ameambiwa nini. Sentensi moja iliyotangulia ilitosha.

Baba wa Kikurya anayeitwa ofisi ya kata amsikilize binti yake hakutanguliwa na sentensi moja. Ametanguliwa na miaka 40 au 50 ya kuambiwa kwamba asiyekeketwa, msagane kama wanavyomwita, ni mtoto hata akizaa, hana sauti, na hataleta ng'ombe wa maana. Anaposikia binti akisema aliogopa akakimbia, huenda anachosikia ni kisa cha mtoto aliyeharibiwa na shule akaiaibisha nyumba. Maneno yameingia masikioni, uchungu wa sauti umemgusa, na bado hadithi iliyojengeka kichwani mwake ina mkosaji tofauti na yule aliyekusudiwa. Huyu mzee si katili. Katika hadithi anayoisikia yeye ndiye anayeumia.

Singer alirudi kwenye vipimo vyake mwaka 2006. Safari hii washiriki walicheza kwanza mchezo wa pesa na watu wawili, mmoja muungwana, mwingine tapeli, kisha wakawaona wote wawili wakishtuliwa kwa umeme. Kwa muungwana, insula iliamka kama kawaida. Kwa tapeli, ubongo wa wanaume haukujali sana. Zaidi ya hapo, sehemu inayoshughulikia raha, akumbensi, iliamka kwa kadiri mtu alivyotamani kisasi. Mwaka 2010 Grit Hein, akifanya kazi na Singer, alitumia mashabiki wa mpira. Shabiki aliyemwona mwenzake wa timu moja akiumia aliguswa, na alikuwa tayari kubeba nusu ya maumivu hayo ili amwokoe. Alipoumia shabiki wa timu pinzani, ile sehemu ya raha ilipojitokeza, msaada ulipungua.

Mkoani Mara tunazijua timu zetu. Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Wanchari, Watimbaru, Wanyamongo: hizi ni koo zilizoibiana ng'ombe na kuuana kwa ajili ya mipaka kwa vizazi, na katika nyimbo za ritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, kilio cha mama wa ukoo wa pili ni sehemu ya sifa za mpiganaji wetu. Mtu alikua akisikia maumivu ya mwingine kama ushindi. Hapa sayansi ya maabara haileti jipya, inathibitisha tu kile wacheza ritungu walichokijua siku zote: huruma ina mipaka ya ukoo, na anayeimba anajua anamwimbia nani. Ndiyo sababu ushuhuda wa Samwelly una kitu ambacho filamu nzuri kuliko zote haina. Alizaliwa humo, alikeketwa humo, anajua majina ya vitu. Mzee anaweza kumpinga, lakini hawezi kumsukumia upande wa pili wa uzio akamaliza.

Wembe pia una upande wake. Mangariba ni wanawake, wengi wakiwa wamekeketwa wao wenyewe, na ujira wao hutoka kwenye kila msichana. Wamesikia vilio vingi kuliko mtu yeyote katika wilaya. Kama kusikia uchungu pekee kungetosha kumgeuza mtu, wao wangekuwa wa kwanza kutupa wembe. Wapo walioutupa kweli, na sababu wanazotoa huwa za aina nyingine: jela, umri, kuokoka kanisani, au binti wa kwao aliyefia mikononi mwao.

Rokia na asilimia 32

Takwimu hazina insula. Utafiti wa afya na demografia wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 10. Ule wa 2022 ulishusha kiwango cha kitaifa hadi asilimia 8. Namba hizi ni za lazima kwa anayepanga bajeti. Kwa anayesikiliza hazifanyi kitu, na zikichanganywa na hadithi zinaweza hata kuiharibu. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha hivyo mwaka 2007: waliosomewa habari za Rokia, msichana wa Mali mwenye umri wa miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38, waliopewa takwimu za njaa Afrika walitoa dola 1.14; waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Moyo uliokuwa umefunguka kwa mtoto mmoja ulijifunga ulipoonyeshwa mamilioni.

Wakusanya michango wameshalijua hili, na wanalitumia. Sioni sababu ya kuwabeza: magodoro, unga na karo za wasichana wa nyumba salama za Mugumu na Butiama zimetokana na machozi ya watu wasiojua Mara iko wapi. Ila tusiyachanganye mambo mawili. Mtu wa mbali anaombwa atoe pesa, kitendo cha dakika moja kisichomgombanisha na mtu. Mzazi wa Serengeti anaombwa akatae jambo mbele ya mama yake mzazi, kaka zake, wazee wa mila na mkwe aliyeshapeleka ng'ombe. Homoni ya dakika 20 haibebi mzigo huo.

Wakisikia pamoja

Hapa inatubidi tutoke maabara, ambako waliolala kwenye mashine wengi ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, kila mmoja peke yake na vipokea sauti masikioni. Afrika Mashariki na jirani zake tuna majaribio ya aina nyingine, ya watu waliokaa pamoja chini ya mti au ndani ya banda la video, na majibu yake yanafundisha zaidi.

Rwanda, mwaka 2004, redio ilianza kurusha mchezo ulioitwa Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vinavyochukiana na vijana wapendanao kati yao. Betsy Levy Paluck, mwanasaikolojia wa Marekani, alipanga vikundi vya wanavijiji wasikilize mchezo huo kwa mwaka mzima, na vikundi vingine vikasikiliza mchezo wa afya. Alipotoa matokeo mwaka 2009 yaliwashangaza wengi. Imani za mtu binafsi kuhusu chuki na ndoa mchanganyiko zilisogea kidogo sana. Kilichosogea ni kile watu walichodhani kinakubalika na wenzao, na kile walichokuwa tayari kukitenda: kuruhusu ndoa, kumwamini jirani, kubishana hadharani badala ya kuitikia tu. Kumbuka walisikiliza kwa pamoja. Kila mmoja aliona mwenzake anacheka wapi na anatikisa kichwa wapi.

Uganda, mwaka 2016, Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walipitisha video fupi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake katika mabanda ya vijijini, vijiji 112 kwa jumla. Miezi kadhaa baadaye walikuta watazamaji hawajawa na huruma zaidi kwa waliopigwa, wala hawajabadili sana mawazo yao kuhusu kupiga. Walichopata ni ujasiri wa kutoa taarifa: walikuwa tayari zaidi kusema walichokiona, na hawakuogopa kama awali kwamba wataitwa wambea.

Kwetu Tanzania utamaduni huu si mgeni. Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania mwaka 1993 na watu wa rika langu bado wanamkumbuka dereva Mkwaju. Jaribio la karibuni zaidi lilifanyika mkoani Tanga, katika vijiji 30, kwa kutumia mchezo wa redio wa shirika la UZIKWASA la Pangani uitwao Tamapendo, uliofupishwa kuwa wa saa mbili na kuchezwa kwenye mikusanyiko. Ulihusu ndoa za utotoni na za kulazimishwa. Uungaji mkono wa ndoa hizo ulishuka, na miezi 15 baadaye ulikuwa bado uko chini. Saa mbili, miezi 15: huo ni uwiano mzuri kuliko semina nyingi nilizozisikia.

Lakini jaribio lililo karibu kabisa na Mara lilifanyika Sudan, jimbo la Gezira. Sonja Vogt, Charles Efferson na wenzao, pamoja na watafiti wa Sudan, walitengeneza filamu ya familia kubwa, yenye vichekesho na mapenzi, ambamo watu wa ukoo mmoja wanabishana juu ya kukeketa wasichana. Toleo moja lilikuwa na hoja za dhamiri na afya, la pili hoja za soko la ndoa, la tatu vyote viwili. Mara tu baada ya kutazama, mitazamo iliboreka kwa matoleo yote. Wiki moja baadaye, lililobaki na nguvu ni lile la tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Naona siri yake ni hii: filamu hiyo haikuleta mgeni wa kuihukumu familia. Iliionyesha familia ikiwa tayari imegawanyika, kwa sababu kweli imegawanyika, na mtazamaji mwenye shaka akagundua hayuko peke yake.

Ukiyasoma haya kwa pamoja na vipimo vya MRI, picha inajichora. Hadithi ya mtu mmoja humwamsha msikilizaji, humtia kumbukumbu isiyofutika, humfanya akisie kinachofuata. Baada ya hapo anaangalia pembeni. Kama walio pembeni wamekaza uso, uchungu alioupata hugeuka kuwa siri yake, au hugeuka hasira dhidi ya aliyemtia uchungu huo. Kama wamelegea, kuna jambo linaweza kutendeka. Wakurya wana chombo cha kale cha kulitenda, iritongo, mkutano wa wote ambapo mambo husemwa hadharani. Mwanaanthropolojia Suzette Heald ameandika jinsi upande wa Kenya, huko Kuria, iritongo ilivyoshirikiana na sungusungu kuanzia mwaka 1998 kubana wizi wa ng'ombe ambao polisi walishindwa kuubana. Wezi walijulikana muda wote. Kilichokosekana kilikuwa kila mtu kujua kwamba kila mtu anajua.

Matroni

Kuna msikilizaji mmoja ambaye majaribio mengi humpita: yule anayesikia kila siku. Desemba ikiwa mbaya, wafanyakazi wa nyumba salama hupokea mabinti mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anastahili kusikilizwa kana kwamba ndiye wa kwanza. Askari wa dawati ana hao, na waliobakwa, na waliochomwa moto. Ubongo hauna swichi ya kuzima insula saa kumi jioni. Lisa McCann na Laurie Ann Pearlman walilieleza jeraha hili la kurithi kwa sikio mwaka 1990: ndoto mbaya zisizo zako, kuwashuku wanaume wote, kuanza kujibu kwa mkato. Anayeonekana amekuwa mgumu mara nyingi amelemewa.

Dawa yake, cha ajabu, haipo katika kupunguza upendo. Olga Klimecki na Singer waliwafundisha washiriki kwanza kuyaingia maumivu ya watu walioonyeshwa kwenye video, wayahisi kama yao. Hali yao ya moyo ilishuka, insula ikachemka. Kisha wakawafundisha kitu kingine: kumtakia mema anayeumia, kumwelekea kwa upole bila kujivika maumivu yake. Sehemu nyingine za ubongo zilishika kazi, zile za ukaribu na matumaini, na moyo ukapanda tena ingawa video zilikuwa za mateso yaleyale. Na kwamba kazi hii inaweza kufanywa na watu wa kawaida waliofundishwa, tunajua kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, ambako wakimbizi waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wakimbizi walifundishwa kuwasikiliza wenzao wa Rwanda na Somalia wakisimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, huku mikasa ikiwekwa mahali pake. Matokeo ya 2008 yalionyesha dalili za kiwewe zimepungua. Pale msikilizaji ana utaratibu wa kufuata, ana wa kumwelekeza, na msimuliaji anasimulia ili apone.

Hilo la mwisho linanitia wasiwasi kuhusu jinsi tunavyowatumia mabinti hawa. Karen Brounéus, aliyewahoji wanawake waliotoa ushahidi katika gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda, alikuta mwaka 2008 kwamba kwa wengi wao kusema hadharani kulifungua upya majeraha, tena katikati ya majirani wenye uadui. Binti wa miaka 12 anayesimulia kwa matroni, polisi, ustawi, hakimu, mwandishi na mgeni wa mfadhili amesimulia mara sita, na ni mara moja au mbili tu ambapo usimulizi huo ulikuwa kwa ajili yake.

Sheria iko tangu 1998: kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinampa mzazi au mlezi anayemkeketesha mtoto wa chini ya miaka 18 kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15. Kesi huanguka kwa sababu shahidi ni mtoto na mshtakiwa ni mama yake. Kwa hiyo Januari, msimu ukipita, nyumba salama hufanya kazi isiyopigwa picha. Wazazi huitwa. Hukaa chumbani pamoja na binti, ofisa wa ustawi na polisi, na mara nyingine mzee wa ukoo. Binti anasema, safari hii kwa yule hasa aliyemkimbia. Baba analazimika kusikiliza mbele ya watu ambao maoni yao ana sababu ya kuyajali, na mwisho wake anaombwa atie saini ahadi kwamba hatamkeketa, huku nyumba salama ikifuatilia baadaye. Wengine husaini na kutimiza. Wengine husaini, na binti hurudi mbio Desemba ya mwaka mwingine. Wapo pia wanaokataa kalamu, wakasimama na kuondoka, na binti zao wanabaki Mugumu kuendelea na shule au kujifunza cherehani.